Kishingo Ndani ya Droo

Kitu cha kwanza nilichoona ni maranda. Kipande chembamba cha mbao, kimejikunja kama pete, kimenasa kwenye mkia wa Kishingo.

Kishingo ni kuku wetu asiye na manyoya shingoni wala kifuani. Shangazi husema aliumbwa siku manyoya yalipoadimika. Na kwetu hakuna mbao. Mbao ziko kwa fundi seremala, upande wa pili wa ua.

Asubuhi ile Kishingo alikuja mbio, akala kama anayefukuzwa. Shangazi akamdaka. Akapenyeza vidole kwenye mifupa ya nyonga, maana kuku anayetaga mifupa yake huachana.

"Imebana! Huyu hatagi tena. Na kulala halali bandani, mhuni mkubwa. Leo anaingia chunguni."

"Shangazi..."

"Sema basi. Umemeza kijiti?"

Maneno yangu mimi huja watu wakishaondoka. Shangazi akamfunga Kishingo mguu kwenye mlango wa jiko, akaenda kunoa kisu.

Nikapita penye tundu la ua. Fundi alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti, taratibu, mashine zote kimya. Nyuma yake kabati kubwa limesimama bila droo moja. Droo yenyewe ilikuwa chini, imejaa maranda, na juu ya maranda mayai. Nikagusa. Bado yana joto.

"Mwenyewe yuko wapi?" fundi akauliza. "Leo kachelewa. Mwenye kabati jana kanifokea weee! Nikamwambia, mama, kabati lako limegeuka wodi ya wazazi, vumilia kidogo."

Nilitaka kucheka, nikaangalia miguu yangu.

"Anachinjwa," nikasema.

Msasa ukamdondoka. "Sasa mbona umesimama?"

"Njoo ukaseme wewe."

"Mimi? Shangazi yako hanitaki tangu jogoo wangu aingie kwenu. Akiniona na kisu anacho, atachinja wawili!"

Basi nikachukua yai moja, nikalifumbata, nikarudi mbio. Shangazi alikuwa ameshainama, kaikamata ile shingo tupu.

"Shangazi, usimchinje! Anaatamia!"

Sauti ilitoka kubwa mpaka Kishingo mwenyewe akashtuka. Nikamwekea shangazi yai sikioni. Akatulia. Ndani yake kifaranga kilikuwa kinalia, pi, pi, kidogo sana.

"Kumbe!" akasema. "Mifupa ya anayeatamia nayo hubana, najua. Ila kuku mwingine angekuwa kajinyonyoa kifua ili apashe mayai joto, ningeona. Huyu kifua kitupu tangu azaliwe, ningejuaje?"

Kisu kile kile kikakata kamba. Kishingo akachanja mbuga hadi tunduni, sisi nyuma yake. Akaingia kwenye droo, akajitanua, akatutazama kama wageni wasiobisha hodi. Nikalirudisha yai chini yake. Akanidonoa.

"Vifaranga ni vyangu," shangazi akamwambia fundi.

"Na baba yao je?" Fundi akamwonyesha jogoo wake, wa aina ya kuchi, miguu mirefu, anatembea kwa maringo mlangoni.

"Baba yao alileta posa?"

Fundi akacheka. Mimi nilitamani kuingia kabatini nijifungie.

Tulimwacha Kishingo pale pale na mayai yake. Shangazi akanipa kazi ya kupeleka maji na pumba kila asubuhi. Vifaranga vikatoka: shingo tupu za mama, miguu mirefu ya baba, sura za kuchekesha. Kabati likaenda kwa mwenyewe, droo imesuguliwa mpaka inang'aa.

Juzi fundi aliniuliza, "Hivi Kishingo aliona nini hapa, akaacha banda zuri la kwenu?"

Niliinua mabega tu, nikaokota debe langu la maji.

Jibu nilikuwa nalo. Pale kwake hakuna anayekuharakisha. Ukikaa kimya, unaachwa na ukimya wako, na kazi inasogezwa pembeni. Ningekuwa kuku, fundi, na mimi ningetaga pale pale.