Kiapo cha Mama Gaudi

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, na Felisiani aliliuliza bila kuinua macho kwenye kompyuta, maana siku hiyo alikuwa ameshaliuliza mara nyingi.

"Wazazi wote wako hai?"

Silvana alifungua mdomo aseme ndiyo. Gaudiosa akamwahi.

"Baba yupo. Mama alifariki."

Felisiani akaacha kubofya. Steshenari yake ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi, na tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, wazazi wa Sumbawanga walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwake ili awajazie watoto wao maombi ya mkopo wa chuo. Alimtazama Silvana aliyekaa kwenye benchi na bahasha ya kaki mapajani, kitenge amekizungusha juu ya sweta kwa ajili ya upepo, akacheka.

"Sasa huyu aliyenisalimia asubuhi ni nani? Marehemu mbona amependeza hivi?"

Gaudiosa alitazama sakafu. "Huyu ndiye aliyenilea. Aliyenizaa alifariki nikiwa mdogo."

"Sawa. Ila cheti chako cha kuzaliwa kinasema mama ni Silvana. Silvana ni nani?"

"Ni mimi," Silvana akasema.

"Basi wewe ndiye uliyemzaa."

"Walikosea ofisini."

Uongo ule ulitoka haraka, kama kitu kilichokuwa kimekaa mlangoni kinasubiri kufunguliwa. Hakuna ofisi iliyokosea. Miaka sita nyuma, Gaudiosa alipokuwa anaingia kidato cha kwanza, Silvana alikwenda kufuatilia cheti mwenyewe. Alipoulizwa cheti cha ubatizo alisema kimeliwa na mchwa. Alipoulizwa jina la mama alitaja la kwake, herufi moja moja, na karani akaandika alichoambiwa. Cheti cha ubatizo chenye jina la Evodia, mama aliyemzaa Gaudiosa, kilikuwa ndani ya mkoba wake wakati huo huo, kimekunjwa mara nne.

Felisiani alieleza kwa upole wa mtu aliyezoea kueleza. Aliyefiwa na mzazi huangaliwa mapema, mradi awe na cheti cha kifo. Asiye nacho anaingia kwenye foleni ya wote. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa baada ya wiki tatu.

"Mwaka jana nilimjazia mtoto mmoja wa Malangali. Wazazi wote wapo, wakulima kama ninyi. Alipata kidogo mno, Januari akarudi nyumbani na begi lake. Lakini mkitaka, nijaze kama cheti kinavyosema, nitume leo leo, tumemaliza."

"Jaza hivyo hivyo, kaka," Gaudiosa alisema.

Aliyasema hayo bila kumtazama Silvana, kwa sauti ya mtu anayepita kwa kunyata kando ya kitanda cha mgonjwa. Silvana angependa zaidi kutukanwa.

"Hatujazi leo," akasema, akainuka na bahasha yake.

Walirudi Izia, mtaani kwao, kwa miguu. Gaudiosa alitangulia, na Silvana akawa anaiona ile shingo ndefu na ule mwendo wa kurusha mguu wa kulia pembeni kidogo, mwendo ambao wazee wa kanisani wakiuona husema, "Evodia mtupu." Walikuwa wakisema hivyo mbele yake, kama vile naye angefurahi.

Alimpokea mtoto huyo akiwa na miaka miwili, ana kikohozi, hajui kulala bila kushika sikio la mtu. Sikio lililoshikwa lilikuwa la Silvana. Degedege lilipompata ni Silvana aliyekimbia naye mgongoni hadi hospitali, kiatu kimoja kikabaki barabarani. Baadaye alizaa wavulana wawili, Lazaro na Obed, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita Mama Gaudi, na aliyejaribu kumwita Mama Lazaro hakuitikiwa. Sasa hesabu zimegeuka. Miaka kumi na minane amebeba yeye, halafu chuo kikuu mtoto apelekwe na Evodia, ambaye hakuwahi kumnunulia hata daftari. Evodia, aliyebaki na umri wa miaka ishirini na mitatu, asiyeunguza maharage, asiyegombana na mtu.

Kornel, mumewe, alikuwa uani anapukuchua mahindi. Alisikiliza habari yote huku vidole vikifanya kazi.

"Kwa hiyo cheti kina jina langu," Silvana akamalizia. "Niliandikisha mimi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikiona siku ile ile ulipokileta."

"Na ukanyamaza miaka sita?"

Kornel akachukua gunzi jingine. "Ningesema, ungeniuliza kama bado namkumbuka. Na mimi kukudanganya siwezi, Mama Gaudi."

Silvana alisimama pale na mikono yake haina pa kukaa. Alitaka kuuliza hilo hilo swali, na jibu alikuwa ameshalipata bila kuuliza.

"Kesho nashuka Muze," Kornel akasema. "Alifia kwao, kwa hiyo barua ya kifo inaanzia kule. Nitaonana na mama yake, bibi Angela, nipite na kaburini mara moja. Ni mke wangu." Kisha akasahihisha, "Alikuwa."

Alikuwa amechelewa. Silvana alishaisikia ile "ni".

"Huendi popote. Nitakwenda mimi."

"Wewe? Muze?"

"Mimi. Wewe pukuchua mahindi."

Asubuhi alipanda gari la Muze akiwa na sweta, na gari lilipomaliza kuteremka mlima wa Lyamba lya Mfipa alikuwa ameshalivua na jasho linamtoka. Bondeni kulikuwa na joto, vumbi la ng'ombe, na watu wengi kuliko alivyotarajia. Alimuuliza mama mmoja aliyeuza ufuta mahali anapokaa bibi Angela.

"Angela yupi? Mama yake Mama Gaudi?"

Huku chini jina lile lilikuwa na mwenyewe.

"Ndiyo," Silvana akasema. "Huyo."

Bibi Angela alikuwa mwembamba, mweusi wa jua, anachambua mchele kwenye ungo. Silvana alipiga goti kumwamkia, akajitaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe Muze unapajua." Hakuacha kuchambua. "Mjukuu wangu mzima?"

"Mzima. Amefaulu, anataka kwenda chuo."

"Na mume?"

"Mzima. Yuko kwenye mahindi."

"Umemfungia huko." Bibi akarusha kokoto pembeni. "Miaka kumi na minane amekuja mara moja, akakaa kidogo akasema anawahi gari. Nikajua, gari hilo lina jina."

Silvana aliona aseme yote kabla hajaishiwa nguvu. Alisema habari ya cheti, ya jina aliloliandikisha, ya mchwa ambao hawakuwapo, na ya barua aliyokuja kuitafuta. Ungo ulitulia.

"Ulimfuta mwanangu," bibi akasema, "halafu unakuja kwangu nikusaidie kumwandika, kwa sababu sasa anafaa akiwa amekufa."

"Ndiyo, mama."

"Hujui hata kujitetea?"

"Sina la kujitetea. Ningeweza kutuma maombi na cheti kile kile, mtoto mwenyewe alikubali. Nimekuja."

Bibi Angela akaweka ungo juu ya kinu. "Nipe khanga yangu pale. Ofisi ya kijiji wanafunga saa sita."

Mtendaji wa kijiji aliitwa Mboje, kijana wa Kisukuma aliyezaliwa hapo hapo bondeni wazazi wake walipohamia na ng'ombe. Aliwakaribisha kwa adabu, akatoa fomu, akaandika jina la marehemu, mwaka, ugonjwa kuwa homa kali, mahali kuwa nyumbani. Bibi alijibu yote bila kutetereka mpaka alipoulizwa saa. "Kuku walikuwa wanaingia bandani," akasema, akaifunga upya khanga ambayo haikuwa imelegea. Mboje akasubiri, kisha akaandika jioni.

"Sasa mtoa taarifa. Anayefuatilia hadi mjini ndiye anayejazwa hapa. Mume wa marehemu yuko wapi?"

"Ana mahindi," Silvana akasema.

"Ana mke," bibi akasema.

Mboje alikohoa kuficha cheko. "Basi tunakujaza wewe, mama. Uhusiano wako na marehemu?"

Silvana alitazama ule mstari mtupu. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha Evodia, amepika kwenye sufuria zake, amelea mtoto wake, na hayo yote hayakuwa na jina.

"Amemrithi mume," bibi akasaidia.

"Bibi, hiyo siwezi kuandika kwenye karatasi ya serikali."

"Andika mdogo wake, basi. Nani atakuja Muze kuuliza? Kijana, andika mdogo wake tukale."

Kalamu ya Mboje ikashuka.

"Usiandike," Silvana akasema. "Uongo mmoja kwenye karatasi ndio umenileta huku. Nikiwa mdogo wake, mimi ninakuwa mama mdogo, na hilo nalo silitaki. Andika mke mwenza."

Mboje akakuna kichwa. "Mama yangu, mke mwenza ni pale wote wawili wakiwa hai. Huyu wewe umekuja ameshaondoka. Hamkukaa wote."

"Wewe ndiye hukukaa naye. Mimi nimekaa naye miaka kumi na minane. Nikipika yupo, tukienda kanisani yupo, mtoto akicheka yupo. Andika, mwanangu. Nitatia sahihi."

Bibi Angela alianza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga. Mboje aliandika mke mwenza, akagonga muhuri.

Walipotoka nje bibi akamshika mkono. "Nikwambie kitu? Hata yeye alikuwa na wivu. Siku moja Kornel alimsalimia muuza samaki, akamsalimia vizuri tu kama mtu na mkwewe. Evodia alirusha chungu cha maharage uani, chungu na maharage yake. Tulilala njaa."

"Kornel hajawahi kuniambia."

"Atakuambiaje? Wafu huwa wanasafishwa."

Silvana aliibeba habari hiyo kwenye gari mpaka juu mlimani kama mtu aliyepewa zawadi. Alivaa sweta lake baridi ilipoanza, akawa anakiona kile chungu kikiruka. Nyumbani alitoa barua tu. Habari ya chungu hakumpa mtu.

Kupata cheti cha kifo kulichukua siku nane na kurudi ofisini mara tatu. Mara ya kwanza ilitakiwa nakala ya kitambulisho cha bibi, mara ya pili mwenye muhuri alikuwa safarini, mara ya tatu kikatoka. Parokiani alichukua cheti cha ubatizo kingine, maana kile cha zamani kilikuwa kimekatika kwenye mikunjo. Likabaki lile jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa. Kulirekebisha kungechukua muda mrefu kuliko siku zilizobaki za dirisha, ila kwa wakati huo hati ya kiapo ingetosha kuambatanishwa, ndivyo walivyoelezwa.

Wakili, Bwana Gaudensi, alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichapa, kisha akasoma kwa sauti, Gaudiosa akiwa amekaa pembeni.

"Mimi, Silvana, mkazi wa Izia, naapa kwamba mimi si mama—"

"Simama hapo."

"Sijamaliza sentensi, mama."

"Umeandika 'mzazi'?"

"Nimeandika. 'Si mama mzazi wa Gaudiosa.'"

"Nionyeshe."

Aliigeuza karatasi. Silvana aliweka kidole juu ya neno lile, akalisoma mara mbili, akahakikisha halikuangukia mstari wa chini peke yake. Ndipo akainua mkono akaapa. Gaudiosa aliangalia dirishani muda wote. Kwenye ngazi alisema, "Ahsante, mama," na Silvana akajibu, "Tembea, tunachelewa," kwa ukali zaidi kuliko alivyokusudia.

Siku tatu kabla dirisha halijafungwa walirudi kwa Felisiani, mara hii na Kornel, aliyevaa koti la Jumapili. Felisiani aliuliza tena, na Gaudiosa akataja jina la mama yake kwa herufi, E, V, O, na lilipotokea kwenye kioo cha kompyuta aliinama kulitazama. Kornel naye akainama. Vichwa viwili vilikaribiana mbele ya lile jina, na Silvana, kwenye benchi, akahisi kile kitu cha siku zote kikimpanda kifuani, hakikupungua hata punje.

Felisiani alitoa karatasi kwenye printa. "Sasa mdhamini. Ndiye anayesimama nyuma ya mkopo. Mtoto asipolipa, yeye ndiye anatafutwa. Mzee, nadhani ni wewe. Leta kitambulisho na picha."

Kornel akaingiza mkono kwenye koti.

"Lazima awe baba?" Silvana akauliza.

"Si lazima. Awe mtu mzima, ana kitambulisho, amekubali."

"Anaweza kuwa marehemu?"

Felisiani akamtazama kama mtu asiyeamini masikio. "Marehemu atatia sahihi vipi, mama?"

"Nimeuliza tu." Akageukia mumewe. "Rudisha kitambulisho chako, Kornel."

"Lakini Mama Gaudi—"

"Kirudishe."

Gaudiosa alimgeukia. Akamsogezea kiti.

Silvana alikaa mbele ya meza, akatoa kitambulisho chake kwenye ile bahasha ya kaki, akakilaza kwenye meza. "Jina lake liko wapi, na la kwangu litakuwa wapi?"

"La marehemu liko mwanzoni, kwenye taarifa za wazazi. La kwako ukurasa wa mwisho."

"Na sahihi inawekwa ukurasa upi?"

"Huo huo wa mwisho."

"Basi nipe kalamu."