Kinga Dhidi ya Kokoto

Fomu ya Ridhaa ya Mteja Kuhusu Kinga ya Rangi ya Nje ya Chombo cha Usafiri, Sehemu A hadi D, ijazwe kwa nakala mbili... nakala mbili, kana kwamba gari linaozwa, na mimi niliyekaa miaka kumi na tisa nyuma ya dirisha la leseni nikiwarudisha watu makwao kwa kosa la kutumia wino mwekundu sina haki ya kucheka, lakini nacheka, kimoyomoyo, maana hapa si serikalini, hapa ni banda la mabati Changamwe, nyuma ya kituo cha mafuta, lina kiti kimoja cha plastiki na panka linalozunguka kama linafikiri jambo, na bado mwenyewe ameona haja ya Sehemu D, Tamko, mimi niliyetia sahihi hapa chini nimeelezwa na nikaelewa, na kweli nimeelezwa, Dancun mwenye banda ananieleza tangu saa tatu kasorobo, amevaa glavu nyeusi kama daktari wa upasuaji, anapapasa boneti ya gari langu kwa ncha za vidole, hata mke wangu Sarah sijawahi kumshika hivyo, "Boss, chagua tu, filamu ama seramiki, hizi ni vitu mbili tofauti, filamu ni plastiki, inavaa gari kama ngozi, jiwe likikuja inakula jiwe, seramiki ni dawa ya kupaka, inang'aa, jua haikuli, chumvi ya bahari haikuli, kinyesi ya kunguru unapanguza tu, lakini jiwe, boss, jiwe haijui seramiki," anasema, na mimi naitikia kwa kichwa kama mtu aliye kanisani, kunguru, ndiyo, kunguru wa Mombasa ni jambo zito, uliwahi kupita waraka ofisini kwetu kuhusu udhibiti wa ndege waharibifu, ukapigwa mihuri mitano, kunguru peke yao ndio hawakupata nakala, wakaendelea na kazi yao juu ya magari ya wakubwa, gari la Musyoka wa meza ya pili limepakwa hiyo seramiki, wanawake wa ofisini wanajitazama kwenye mlango wake unaong'aa wakifunga vilemba, naye anasimama pembeni, anapokea shukrani kana kwamba ni yeye aliyevumbua sura zao... Sehemu A nimemaliza, jina, Nguma, makazi, Junda, rangi ya gari, nyeusi, umri wa gari mikononi mwa mteja, wiki tatu, viti vingali na nailoni yake kutoka Japani, tunaikalia hivyohivyo, tunashuka migongo imelowa kama waliotoka kuogelea, Sarah aliuliza itatolewa lini nikamwambia itatolewa, ni jibu la kikazi hilo, halina tarehe... ni Sehemu B ndiyo iliyonisimamisha, Barabara Zinazotumiwa na Chombo Mara kwa Mara, tia alama, lami, changarawe, zote mbili, visanduku vitatu, na kalamu imegoma hapo kama punda mbele ya daraja, "Hiyo ndio ya maana, boss," Dancun anasema, "nikijua barabara yako nitakuambia dawa yako, kama wewe ni mtu wa lami tu, Junda, ofisi, kanisa, weka seramiki uende ukitesa, lakini kama unaingia huko kwa malori ya mawe, Mwakirunge huko, usinidanganye, bila filamu hii boneti itakuwa na ndui baada ya mwezi," Mwakirunge, amelitamka mwenyewe, mimi sikulitaja, hakuna mahali katika fomu hii palipoandikwa Mwakirunge, lakini kila mtu mwenye gari jipya upande huu wa bahari analijua, malori yanatoka timbo la mawe yamejaa kokoto hayakufunikwa, yakiruka tuta kokoto zinaruka nayo, nyuma yake yanakuja ya taka yakielekea jaani, na katikati ya vumbi hilo, nyumba ya tatu ukipita kanisa la mabati, anakaa dada yangu Nyamvula, mzaliwa wa kwanza wa mama yetu, na leo ni Jumamosi... ndiyo, najua ni siku gani, leo ni kambi ya macho Timbwani, kule Likoni, madaktari wamekuja kwa siku moja, wanatoa mtoto wa jicho bure, jicho lake la kushoto lilishazima, la kulia limebaki na ukungu, ananitambua kwa kikohozi, alinipigia Jumatano akasema, "Nguma, wameniandikisha, Jumamosi, wewe sasa una gari, Mulungu ni mkubwa, utanipitia," hakuuliza kama nitampitia, kwetu mtu haombi gari la nduguye, gari likiingia ukoo limeingia ukoo, ni la wagonjwa, ni la maiti, ni la kuku na magunia ya mahindi, mwenye jina kwenye logibuku ni dereva aliyebahatika, nami nikamjibu, nayakumbuka maneno, nilimwarifu kwamba kwa sasa chombo hakipo katika hali ya kusafiri, akauliza, "Linaumwa?" nikasema linaumwa, "Wapi?" nikasema injini, akasema maskini, wallahi alisema maskini, akalionea gari huruma, na ili nisiwe mwongo nikalileta hapa asubuhi ya leo, gari lililo gereji limo gereji, hakuna hakimu atakayebisha, filamu inataka siku mbili banda lifungwe vumbi lisiingie, seramiki inataka wiki nzima bila tone la maji, kwa hiyo seramiki ni udhuru wa siku saba na filamu ni udhuru wa siku mbili, nimekaa hapa natafuta kinga yenye udhuru mrefu zaidi, Dancun anadhani namlinganishia ubora... "Boss, mbona umekwama, ama nikuletee chai?" la, ahsante, nasoma, nasoma kwa makini, nani asomaye fomu kwa makini kama karani, kokoto, kwa nini fomu hii ina kokoto kila mstari, madhara ya kokoto, mikwaruzo ya kokoto, kokoto zinazozidi ukubwa wa punje ya mahindi, aliyeandika hivi hajawahi kuziponda, yeye alizijua kwa kutazama kioo cha gari, Nyamvula alizijua kwa nyundo, alikaa chini ya kibanda cha makuti pale timboni miguu imenyooka, rundo la mawe baina ya mapaja, pete ya mpira ya kushikia jiwe, gonga, gonga, anazipanga kwa ukubwa, debe kwa debe, mimi nikitoka shule nampelekea maji, yeye aliishia darasa la nne ili mimi niendelee, hakuna aliyepitisha azimio, ilitokea tu hivyo, na vipande viliruka, vilimrukia usoni, alikuwa akifumba jicho moja na kuendelea kugonga, nikamwuliza, huumii, akasema, "Likiingia linatoka, nenda kasome," ... lilitoka? daktari wa mara ya kwanza alisema ni umri, pamoja na majeraha ya zamani, majeraha ya zamani, wameyapa jina kama la mtaa, na siku nilipoitwa sekondari alinisimamisha mlangoni, akatia maji ya unga mdomoni, akanipulizia kifuani kunibariki, phuu, shati jeupe likawa na madoa, nikakasirika kwa ajili ya shati, hata wakati ule, kwa ajili ya shati, na gari lilipofika alitaka kuja kulipulizia vilevile, nikamwambia, dada, maji ya unga yakikauka juu ya rangi hayatoki, akacheka, "Basi mimi nitapulizia gurudumu, gurudumu nalo lina rangi?" sikumwambia njoo, nilimwambia tutapanga, ni neno zuri sana tutapanga, nchi nzima inakaa ndani yake... simu inalia, ni yeye, Dancun ananitazama, natazama gari, naipokea, kuna kelele za watu nyuma yake, mtoto analia, mtu anaita majina kwa kipaza sauti, "Nguma, mwanangu, nimefika," umefika wapi dada, "Timbwani, nilitoka na bodaboda, nikapanda gari hadi feri, pale feri msichana mmoja Mkamba akanishika mkono hadi huku, hata jina sikumuuliza, ana haraka, ameshakwenda, sasa hawa wanasema jicho likishakatwa litafungwa, sitaona kitu kabisa, lazima niwe na mtu wangu, atie sahihi, anirudishe, bila mtu hawakati, nimewaambia nina ndugu ana gari lakini gari ni mgonjwa kama mimi, wakacheka, wakasema mama hatutaki gari, tunataka mtu, wanafunga orodha saa sita, wewe uko wapi?" na hapo, kabla sijafikiri, maana miaka kumi na tisa imenifundisha kujibu kabla ya kufikiri, nikasema, niko kazini, dada, yule mwenye kipaza sauti akaita jina la mtu mwingine, dada akasema, "Haya. Kazi njema, mwanangu. Nitakaa hapa kwenye benchi, pana kivuli," ikakatika, au aliikata, na Dancun anauliza kama ni mama nyumbani, nasema ni dada, anasema msalimie, boss, nasema zimefika... kazini, Jumamosi, ofisi yetu haijafunguliwa Jumamosi hata moja tangu niajiriwe, na yeye anajua, miaka yote hiyo aliniletea mihogo ofisini, siku ya kazi ndiyo siku aliyokuja, hakukosea hata mara moja, kwa hiyo anajua siko kazini, na kama anajua hilo basi na injini aliijua tangu Jumatano, linaumwa wapi, aliuliza vile kama mama anavyomwuliza mtoto asiyetaka kwenda shule, tumbo, lipo wapi, hapa, akamwacha alale... alilionea huruma gari ili mimi nisione haya, yeye haoni mkono wake mwenyewe na bado alitazama pembeni kwa heshima yangu... "Tumefika wapi, boss?" tuko Sehemu B, "Bado B?" bado B, saa nne kasorobo, kwa barabara ya Dongo Kundu hadi Likoni ni nusu saa, hata kwa feri ingewezekana, hata bila gari, siku tatu nimelumbana na nafsi yangu kuhusu boneti na bampa na malori, nimesoma mpaka maneno madogo ya Sehemu C kuhusu viputo vya hewa chini ya filamu, na wala hapakuwa na haja ya gari, walitaka mtu mwenye mikono miwili na kitambulisho, vyote ninavyo, kitambulisho kipo mfukoni, nakihisi, na mkono mmoja umeshika kalamu, mwingine umeshika fomu isipeperushwe na panka... kama ningeulizwa niandike, leo, mahali pa Maelezo ya Ziada, ningeandika nini, kwamba kutokana na sababu zisizozuilika mhusika hakuweza kufika, la, kwamba palitokea mkanganyiko wa ratiba, la, kwamba mawasiliano baina ya pande mbili hayakuwa... la, Nguma, la, miaka kumi na tisa umewafutia watu sentensi kama hizo, ukawaambia andika kilichotokea, mistari miwili yatosha, Dancun amekaa juu ya debe la rangi anasubiri, kalamu iko palepale, visanduku vitatu vyeupe, lami, changarawe, zote mbili, na gari linang'aa bila filamu na bila seramiki, andika basi kilichotokea. Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Dada yangu alihitaji mtu wa kumshika mkono, nikamwambia niko kazini.