Kukalia Ubao wa Maren

Wajukuu wangu wawili, Maren na mdogo wake Colter, walikuwa wanagombea nafasi moja. Mzee Royce Kettler, ambaye kazi yake ni kupeleka wageni kuteleza kwa ubao juu ya theluji kwenye milima iliyo nyuma yetu, huko kusiko na lifti ya kupandisha watu wala uzio, alikuwa anatafuta msaidizi wa majira yale ya baridi. Alisema wazi kwenye kituo cha mafuta, watu wote wakisikia:

"Nyie ndugu mko wawili na mimi nataka mmoja. Jumanne tunapanda Jino la Mbwa. Nitachagua huko huko juu."

Maren alikuwa na miaka ishirini na sita. Majira sita ya baridi alikuwa ameosha vyombo hotelini jioni ili asubuhi awe mlimani. Alikuwa anaijua theluji. Anachimba shimo kwa koleo, anapiga magoti, anatazama tabaka moja moja kama mimi ninavyotazama keki niliyoikata, na anakuambia ipi imeshika na ipi itakuja kuteleza. Colter alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kwenye kuteleza kwenyewe alimzidi dada yake, hilo nasema hata kama Maren atalisoma. Wote waliitaka ile nafasi, lakini Maren aliitaka zaidi. Alishasema asipoipata mwaka ule atakwenda mjini Spokane kwa shangazi yake akakae ofisini, na alivyolitamka neno Spokane ungedhani anataja jela.

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye sinki, nikautazama mlima dirishani. Kwetu upepo unaangusha mabehewa ya treni na hakuna anayeshangaa, lakini siku ile ilikuwa kali hata kwa kwetu. Theluji ilikuwa inang'oka kileleni na kwenda mashariki kama moshi.

"Mlima unafuka," nikamwambia Maren.

"Bibi, mlima unafuka kila siku."

"Leo moshi wake umelala kabisa."

Colter akacheka, uji umejaa mdomoni. "Kama dada anaogopa, Bibi, mwambie abaki akusaidie vyombo. Si amezoea?"

Maren akachukua kikombe chake na kummiminia maziwa yaliyobaki juu ya uji. Wakatoka wanasukumana mlangoni.

Sasa, mbao zao si za kipande kimoja. Anayepanda bila lifti anakuwa na ubao uliopasuliwa katikati kwa urefu. Wakati wa kupanda, kila mguu unakaa juu ya kipande chake, na chini yake kumebandikwa utepe wa manyoya ili usirudi nyuma. Ukifika juu unabandua tepe, unazikunja, unaunganisha vipande kwa vibanio, vinakuwa ubao mmoja wa kushukia. Bila upepo ni kazi ya dakika tano. Kwenye upepo, kila kipande ni bawa, na bawa halisubiri mtu.

Ndiyo maana watu wa hapa tunaunganisha kwa zamu. Mmoja anaunganisha, mwenzake anakalia vipande vyake, makalio yote mawili, mgongo kwenye upepo. Hainuki mpaka mwenye ubao aseme tayari. Awe amebanwa na mkojo, haidhuru, na kofia yake ikiruka, aisindikize kwa macho. Colter alifundishwa hivyo akiwa na miaka tisa, na aliyemfundisha ni Maren.

Yaliyotokea huko juu nimeyasikia mara tatu, kwa Maren, kwa Colter, na kwa Royce mwenyewe ambaye hakuona cha kuficha. Hawakupishana.

Walifika mgongoni mwa mlima saa tano na kitu. Ukigeuza uso hupati pumzi. Vikokoto vilikuwa vinaruka na kugonga miwani yao tik tik tik. Royce aliunganisha ubao wake peke yake, ameulalia kwa tumbo kama mtu anayemshika kondoo wa kunyolewa. Ana miaka hamsini na minane na hahitaji wa kumkalia. Akatambaa mpaka ukingoni, ambapo linaanza korongo tunaloliita Koromeo. Kule ni wima kiasi kwamba ukisimama, kiwiko chako kinagusa theluji ya upande wa juu.

Wajukuu wangu walibaki nyuma hatua kama ishirini, wakizungumza kwa kupigiana kelele masikioni.

"Anza wewe!" Maren alimwambia. "Nakukalia!"

"Ili uje useme ulinisubiri?"

"Unganisha, mjinga wewe, vidole vitaganda!"

Akamkalia. Kibanio kimoja cha Colter kilikuwa kimeshika barafu, ikabidi avue glavu akipulizie pumzi ya mdomo. Dakika nane Maren alikaa pale, vikokoto vikimpiga shingoni. Colter akamaliza, akaufunga ubao wake kiunoni kwa kamba, ndipo akakalia vipande vya dada yake. Maren akabandua tepe zake, akawa anazisukumia ndani ya koti.

Hapo Royce akainua mkono kule ukingoni.

"Colter! Njoo!"

Colter akamtazama dada yake.

"Kaa!" Maren akasema. "Bado!"

"Ananiita!"

"Mwache aite!"

Akainuka.

Maren anasema hakikusikika kitu. Kipande cha kushoto kiliinua pua, kikasimama wima kama mtu aliyesikia jina lake, halafu kikaondoka. Kilimpita Royce juu ya kichwa, mzee akainama, kikaingia kwenye weupe na kwisha. Kile cha pili Maren alikirukia kwa kifua, na kibanio kikampasua kidevu.

Colter akafika ukingoni.

"Cha nani kile?" Royce akamuuliza.

"Cha dada."

"Si ulikuwa umekikalia?"

Colter akaikaza kamba ya ubao wake.

"Nakuuliza, bwana mdogo."

"Ndiyo. Nilikikalia."

Royce akacheka mpaka meno yake mawili ya bandia yakaonekana. "Basi kazi umepata. Nikiita, nataka mtu anayekuja. Yule angekaa pale mpaka kiama."

Maren alikuwa anakuja kwa kutambaa, damu ya kidevu imegandia kwenye kola. Royce akamwambia bila kushusha sauti, kama anayemwelekeza mgeni choo kilipo:

"Binti, wewe utarudi kwa miguu, kule kule tulikopandia. Sisi tunashuka hapa."

"Mnaniacha?"

"Una miguu miwili na ubao nusu. Niliwahi kuacha watu hapa wakiwa na pungufu ya hapo."

Maren akampa mgongo. Alimshika Colter mkono. "Twende wote kwa miguu. Tukipokezana kufungua njia ni masaa matatu. Peke yangu, theluji ya mapajani, sijui."

"Nikirudi na wewe, nafasi inapotea."

"Ndiyo. Inapotea."

Colter akalitazama korongo. "Hapana, dada," akasema, akavuta miwani yake vizuri, akajitosa.

Saa saba na nusu alikuwa mezani kwangu, mashavu mekundu. Nilimpakulia supu ya nyama ya paa, na sikujua. Akala bakuli la kwanza. Akala la pili.

"Bibi, theluji ilikuwa kama unga wa ngano. Sijawahi kushuka vile maisha yangu yote."

"Dada yako yuko wapi?"

"Anakuja."

"Anakuja na nani?"

Akaweka kijiko chini, ndipo akaeleza. Niliwapigia watu wa uokoaji. Wakasema kwa upepo ule hawawezi kupeleka mtu juu ya mstari wa miti, lakini watamngoja hapo hapo kwenye miti. Colter akasema na yeye atakwenda kungoja. Nikamwambia akae, amalize supu yake. Sikusema kwa wema.

Maren alitokea kwenye miti saa kumi na moja, giza likianza kuingia. Kile kipande kimoja alikuwa amejaribu kukisimamia akazama, kwa hiyo alikifanya koleo la kuchimbia njia. Buti la kushoto lilikuwa limekatika kifungo, theluji ikaingia na kukaa humo tangu saa sita. Waokoaji walipomwinua alisema, "Nina njaa," basi.

Daktari alisubiri wiki tatu mpaka vidole vilipokauka vyeusi kama zabibu, ndipo akavikata. Vitano vyote vya mguu wa kushoto, na kile kidogo cha kulia. Maren aliomba aonyeshwe. Alivitazama muda mrefu, akauliza kama ni lazima vichomwe.

Royce alikuja kumwona hospitali. Alileta boksi la chokoleti, akalifungua, akala tatu yeye mwenyewe.

"Na kidole gumba wamekata?"

"Cha kushoto, ndiyo."

"Huo si ndio mguu wako wa mbele ubaoni?"

"Ndio."

"Basi huwezi kuukandamiza ubao tena." Akajipangusa ndevu. "Unaona? Ningekuchagua wewe, saa hizi ningekuwa sina msaidizi."

Hakusema kwa chuki. Alisema kama anayetangaza hali ya hewa. Nilimwambia atoke. Akachukua kofia yake, akachukua na chokoleti nyingine.

Colter alivaa koti jekundu la kazi akaanza. Maren, alipotoka hospitali na magongo, alimweleza kila aliyemuuliza. Alimweleza fundi wa magari, na mama wa posta, na vijana waliokuja na kadi ya pole. Hakuongeza chumvi. Alisema nani alikaa, nani aliita, nani aliinuka.

Ndani ya mwezi mmoja hakukuwa na mtu mlimani aliyemruhusu Colter akalie ubao wake, wala aliyekubali kumkalia wa kwake. Vijana aliosoma nao walikuwa wakifika juu wanahamia upande wa pili wa mwamba. Mmoja alimwambia, "Kaa mbali na huu, Colter, usije ukaitwa." Ikafika mpaka kwa wageni. Mama mmoja kutoka Denver alikuwa amesimuliwa baa, akamwambia kwa adabu zote, "Asante, kijana, nitaukalia mwenyewe." Akaukalia, na kuunganisha hakuweza huku amekaa, wakaganda pale nusu saa nzima.

Mwezi wa tatu Royce akamwita. Msaidizi asiyeaminiwa ubao na wageni ni wa nini? Maneno haya yaishe kabla ya Jumatatu, ama arudishe koti.

Jumapili Colter alikuja mezani amelivaa. Maren alikuwa ameweka mguu juu ya kiti, anakula viazi.

"Dada, waambie watu ilikuwa bahati mbaya. Upepo tu."

"Upepo ulikuwepo," Maren akasema.

"Basi sema hivyo."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nitafukuzwa kazi, Maren."

"Kazi gani? Ya kuja ukiitwa?"

Akanigeukia mimi. "Bibi, mwambie basi."

Nilikuwa nakata mkate. Huyu naye ni mjukuu wangu, nimemwogesha kwenye sinki ile ile, na neno langu moja Maren angelisikia. Nilikata kipande, nikakata na kingine, nikavipanga kwenye sahani.

"Wakiniuliza nitawaambia ulivyoinuka," Maren akasema. "Wasiponiuliza nitawaambia vile vile. Na ukizaa, nitawaambia watoto wako."

Colter akalia. Mwanamume mzima, kamasi zikidondokea kifuani kwenye koti jekundu. Maren akamtazama mpaka akamaliza, bila haraka, kama mtu anayengoja maji yachemke.

"Nipe hiyo chumvi," akasema.

Colter akampa.