Muhuri wa Kitalu cha Saba

Mimi ndiye niliyeuona kwanza. Tulikuwa wadogo, tunaokota kuni, nikamwonyesha mdogo wangu uyoga wa zambarau kwenye gogo linalooza. Yeye akaenda kuusomea. Mimi nikaishia karani wa vibali ofisi ya msitu. Juzi mama kabandika ukutani picha yake ya gazetini, yeye na uyoga ule, akaishusha ya harusi yangu. Roho iliniuma, sifichi.

Jumatatu alipita ofisini, hata kiti hakuvuta.

"Dada, kitalu cha saba usitoe kibali cha kuni. Gogo lile likiondoka, uyoga umekwisha. Hatujauona kwingine."

"Gogo limekufa. Na yaliyokufa ndiyo tunayotolea vibali."

"Limekufa kwako. Kwake ndiyo nyumba."

Kwako! Tena mbele ya mfagiaji. Mchana alipokuja mchoma matofali kutafuta kuni, nilimwandikia kitalu cha saba, nikagonga muhuri mpaka wino ukaruka mezani.

Kesho yake mfagiaji alisugua doa lile weee, halikutoka.

"Muhuri huu ulikuwa na hasira," akasema.

Nilicheka peke yangu, kisha nikalitazama tena lile doa. Nikaacha ofisi wazi, nikatoka mbio na viatu vyangu vya kazini.

Nilikuta trekta imewashwa. Nusu ya gogo ilikuwa imeshakatwa vipande na kupakiwa. Nusu iliyobaki nikaikalia.

"Mama, inuka," mchoma matofali akasema. "Kibali si umeandika mwenyewe?"

"Nimekosea namba. Zima huo msumeno. Uyoga huu ni wangu."

"Wako?"

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, kamera shingoni. Alikichukua kibali mkononi mwa yule bwana, akakisoma, akautazama muhuri kwa muda. Kisha akachuchumaa, akaanza kuokota vipande vya zambarau kwenye unga wa mbao. Nilisubiri anitukane. Ningejua la kumjibu.

Alipomaliza alitoa fomu kwenye mkoba, akanipa na kalamu.

"Jaza wewe, dada. Una mwandiko mzuri."

Nilijaza mstari wa mahali, nikajaza wa tarehe. Wa tatu uliuliza uharibifu umefanywa na nani. Miaka yote nilitaka jina langu liwemo kwenye habari za uyoga ule.

Nikaliandika, majina yote matatu, bila kufupisha.