Mayai ya Coumba na Ardhi Iliyoitwa Tupu

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Gnagna Ndiaye alimwogesha kobe wake Coumba kwa burashi ya nguo na maji yaliyobaki ya kuoshea mchele. Ijumaa hiyo alimwogesha na mwanawe, kitoto cha miezi minane kilichotoka katika yai ambalo hakuna aliyelitarajia, maana Coumba hakuwa ameonana na dume kwa miaka mitatu. Kobe jike huweka akiba ya mbegu ya dume. Pale kijijini Keur Yoro hilo halikumshangaza mtu. Udongo ulipotoka mgongoni mwa kile kitoto, ikaonekana bustani ya vitunguu ya Dior Sall, imechoreka kwenye gamba.

Ilikuwa bustani nzima: matuta kumi na mawili, kisima upande wa bahari, mstari wa mivinje ya kuzuia mchanga, na mvinje wa tano uliopinda tangu punda wa Dior alipouegemea. Gnagna akamwita Dior mwenyewe, shoga yake tangu utotoni, aliyekaa nyumba ya pili. Dior akavaa miwani.

"Kisima kiko sawa," akasema. "Lakini kwenye kona hii nilikuwa na pilipili."

"Kigeuze juani."

Dior akakigeuza. Pilipili zilikuwepo.

Bustani yenyewe ndiyo haikuwepo. Miaka miwili nyuma halmashauri ilikuwa imeipa kampuni moja bonde lote ilime maharage ya kupeleka ng'ambo, na kwenye karatasi karani wa ardhi akaandika maneno mawili: ardhi tupu. Wanawake ishirini waliolima pale tangu enzi za bibi zao waliambiwa walete hati. Hawakuwa na hati. Walikuwa na majembe.

Jumatatu wakakitia kitoto kwenye beseni, wakaenda ofisi ya ardhi. Karani, Médoune Diop, alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikipima kile kigamba kwa rula, akakilinganisha na picha ya zamani iliyopigwa kutoka angani, akatikisa kichwa kukubali.

"Vipimo ni sahihi kabisa," akasema. "Lakini kobe mmoja, mama zangu, ni bahati nasibu. Mngekuwa nao ishirini, hapo tungeongea."

Akawarudishia beseni lao, na jani la saladi juu yake, kwa heshima.

Basi Gnagna akawa na la kuamua, nalo halikuwa dogo. Kuzalisha kobe si kuzalisha kuku. Kobe wa nchi ile akikomaa anamshinda beberu kwa uzito, anachimba shimo linaloweza kumeza ukuta wa jirani, na anakula kila kijani isipokuwa rangi ya mlango. Halafu hafi. Gnagna alikuwa na miaka sabini na mmoja. Coumba mwenyewe alimrithi kwa mama mkwe, pamoja na sufuria mbili na maneno mengi.

"Mama, nani atawalisha?" akauliza Maguette, mke wa mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha Coumba.

"Wewe."

"Na nikifa?"

"Ufe wewe, kwa kisirani hicho? Kifo chenyewe kitaogopa kukugongea mlango."

Maguette akacheka, lakini hakuondoka. "Nauliza kweli, mama. Ni wajukuu wa wajukuu zangu watakaobeba mzigo. Tuwaachie kazi ya miaka mia kwa sababu ya vitunguu?"

Gnagna aliondoka na swali hilo, akakaa nalo wiki nzima. Siku ya nane alipita kando ya uzio wa kampuni, akaona kibao kipya kimeandikwa kwamba kabla ya kampuni hapa palikuwa jangwa. Akakisoma mara mbili. Akarudi nyumbani akamwambia Maguette, "Tuwaachie."

Kulikuwa na dume mmoja tu eneo lote, jina lake Mbër, yaani mpiga mieleka, na alikaa ua wa nani? Wa Médoune Diop. Alikuwa wa mama yake, bibi Ndoumbé, ambaye alimfuga ili magonjwa yakiingia nyumbani yamkute kobe kwanza.

Sasa, Ndiaye na Diop ni watani tangu mababu. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, na kila mmoja huapa kwamba mwenzake ndiye mlafi. Kumkasirikia mtani ni aibu. Kumnyima anachoomba kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina ni mkosi kwa mtoto, na hakuna mzazi atakayekusamehe.

Sherehe ya namna hiyo ikatokea mtaani. Gnagna alikuwa ameinamia bakuli la uji mzito wa mtama na maziwa ya mgando Médoune alipoingia.

"Jamani, ficheni!" akapaza sauti. "Ficheni bakuli! Ndiaye ameshaingia, mtoto atapewa jina akiwa na njaa!"

Watu wakaangua kicheko.

"Diop," akasema Gnagna, akijifuta mdomo, "babu yako alikuwa akila mpaka kivuli cha bakuli. Nilimuuza kwa jogoo, na jogoo nikamrudisha, nikaona nimempunja mnunuzi."

"Mtumwa wangu ana ulimi! Haya, omba utakacho, leo bwana wako ni mkarimu."

Hapo ndipo alipokosea.

"Nipe Mbër," akasema Gnagna. "Siku arobaini."

Kicheko kikapungua, kikaishia kwa mtu mmoja huko nyuma. Médoune akamtazama mtoto, akamtazama mama wa mtoto, ambaye alikuwa akimtazama yeye. Alasiri hiyo Mbër alisukumwa kwa toroli hadi kwa Gnagna, na Médoune ndiye aliyesukuma.

Mbër alikaa siku zake arobaini, akaangusha banda la kuku na sehemu ya choo. Baadaye Coumba akachimba, akataga mayai kumi na tisa. Yote yakaanguliwa kabla ya mvua. Gnagna akawaosha mmoja mmoja, na wanawake wakajipanga kama kwenye zahanati. Kila mmoja akaitambua bustani yake: huyu kwa mabomba ya maji, yule kwa kaburi la paka, mwingine kwa ndizi za mkwewe. Wakavaa vilemba vyao vya Ijumaa, wakaenda ofisini na mabeseni, ishirini kwa ishirini.

Bibi Ndoumbé naye alikuwemo. Kitoto cha mwisho kilikuwa na bustani yake, ile ambayo mboga zake aliziuza akamsomesha Médoune. Akaliweka beseni juu ya karatasi za mwanawe.

"Pima," akamwambia.

Médoune akapima magamba yote ishirini. Namba alizisoma sawasawa, hata za la mwisho. Kisha akaingia ndani kwa mwenyekiti, akakaa sana, akatoka na azimio jipya la halmashauri, lenye mhuri: ramani zenye miguu hazitambuliki.

"Mama," akasema, "sikuliandika mimi."

"Mwandiko naujua," akasema bibi Ndoumbé. "Nilikununulia daftari."

Uzio haukuondolewa. Maharage yaliendelea kupanda ndege. Kibao kiliendelea kusema jangwa, na mwaka uliofuata kikapakwa rangi.

Vitoto vya kobe vikaanza kwenda. Kila asubuhi, umande ukikauka, vilitoka katika nyumba ishirini, vikatembea hadi uzio wa kampuni na kusimama, kila kimoja kikielekea pembe yake. Mlinzi wa lango, Latyr, aliamriwa avigeuze. Alivigeuza taratibu, kwa mikono miwili, asivichafue. Kabla hajafika cha ishirini, cha kwanza kilikuwa kimeshajigeuza.

"Bibi," akamwambia Gnagna siku moja, akinyoosha mgongo, "hii kazi itaisha lini?"

"Mkataba wa matajiri zako ni wa miaka mingapi?"

"Nasikia tisini na tisa."

Gnagna akawatazama kobe, akapiga hesabu, akaridhika.

"Basi watakuwa ndio kwanza wamekomaa," akasema, akashika njia kwenda kumwomba Mbër kwa siku arobaini nyingine.