Mwokaji na Kioo cha Mkewe

Mwokaji alilala na kuku na kuamka kabla yao. Ndivyo alivyoishi tangu ujana: giza likiingia anavuta shuka, na watu wengine wakiwa katika usingizi mnono yeye yuko mbele ya tanuri, anasukuma mikate ndani na kuivuta nje kwa koleo refu la mbao. Aliporudi nyumbani alikuwa na unga kwenye nyusi na miguu iliyovimba, na hakuna alichokitamani duniani zaidi ya kitanda.

Mkewe alikuwa fundi cherehani katika kiwanda cha sare. Miaka yote hiyo macho yake hayakwenda mbali kupita ncha ya sindano. Alipostaafu alisema, "Sasa nataka kutazama kitu kilicho mbali, mbali kabisa, ambacho hakuna atakayeniambia nikishone." Mwalimu wa fizikia wa mtaa wa pili, aliyekuwa anahama, akamwachia darubini yake ya kioo: bomba pana kama mtungi wa gesi, lililokaa kwenye sanduku la mbao linalozunguka. Chini kabisa ndani ya bomba kuna kioo kikubwa cha mviringo kinachokusanya mwanga na kuurusha juu. Karibu na mdomo kuna kioo kidogo kilicholala mshazari, kinachoutoa mwanga huo ubavuni, hapo unapoweka jicho. Majirani wakambatiza jina Mama Nyota. Hakukasirika. Alisema ni afadhali kuliko Mama Vifungo alivyokuwa akiitwa kiwandani.

Tabu ilikuwa moja tu. Saa ya nyota kutoka ndiyo saa ya mwokaji kulala. Mke yuko uani na bomba lake, mume yuko chumbani na mto wake, na kati yao dirisha. Kwa miaka kadhaa walionana kwenye chakula cha mchana, wakaulizana habari kama wapangaji wenye adabu.

Kisha mikono ya Mama Nyota ikaanza kutetemeka. Mwanzoni ilikuwa kidole gumba tu. Baadaye kikombe kikawa kinagongana na sahani yake, na daktari akasema ugonjwa huu hauponi, unatulizwa. Alimeza vidonge na kuendelea. Lakini darubini haitaki mkono unaotetemeka. Ukiligusa bomba hata kidogo, nyota inacheza kama cheche. Na vumbi la kiangazi kirefu lilikuwa limekilalia kioo, hata Mshtarii, ile sayari kubwa aliyoipenda kuliko zote, ikawa doa tu la ukungu.

Siku moja mwokaji alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe amekaa sakafuni bafuni, kioo kikubwa kimelala mapajani mwake juu ya taulo. Alikuwa amekifungua peke yake ili akioshe. Kilimteleza kikagonga ukingo wa beseni, na pembeni kikamegeka kipande kama ukucha.

"Umeumia?" mwokaji aliuliza.

"Sijaumia. Chukua kitu hiki ukiuze, au ukitupe. Nimechoka, baba. Nimechoka na haya mikono."

Alisema "haya mikono," yeye ambaye hakuwahi kukosea hata mshono mmoja wa maneno. Mwokaji alimwinua, akakifunga kioo kwenye taulo, akakiweka juu ya kabati. Tuseme ukweli: moyoni alipata nafuu kidogo. Hakutakuwa tena na mlango wa uani unaolia usiku, wala mtu wa kuingia kitandani na miguu baridi.

Nafuu yenyewe haikudumu. Jioni zilizofuata mkewe alilala mapema kama yeye, akageukia ukutani. Mwokaji alisikia pete yake ikigonga ubao wa kitanda, ti-ti-ti, mkono ukitetemeka pale ulipolala. Usingizi alioutamani maisha yake yote ukampotea. Kazini aliunguza mikate, akaambiwa labda uzee umebisha hodi. Akajibu umebisha siku nyingi, sasa umeingia na kukaa.

Hatimaye akampigia simu yule mwalimu wa fizikia. Alimweleza kwa aibu, kama mtu anayemsemea mgonjwa. Mwalimu akacheka. "Kumegeka pembeni si kufa kwa kioo, mzee. Paka rangi nyeusi hapo palipomegeka, basi. Utapoteza mwanga kidogo sana. Ila kioshe vizuri. Mama anajua namna."

Siku yake ya mapumziko, badala ya kulala, mwokaji alikishusha kioo kutoka kabatini.

"Unafanya nini?" mkewe aliuliza mlangoni.

"Naosha. Niambie namna."

"Kiache, maskini, kalale. Macho yako mekundu kama pilipili."

"Nitalala nikifa. Niambie namna."

Mama Nyota akavuta kigoda akaketi. Akamwambia atandike taulo ndani ya beseni, avue pete, amwagie kioo maji kwanza bila kukigusa, ili chembe za mchanga ziondoke zenyewe. Kisha maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, na pamba.

"Usisugue! Iburute tu pamba kwa uzito wake. Mstari mmoja, tupa, chukua nyingine. Ngozi ya fedha iliyo juu yake ni nyembamba kuliko unavyofikiri."

"Kama kupaka yai juu ya mkate uliokwisha umuka," mwokaji alisema. "Ukibonyeza, umeuzamisha."

Mama Nyota akamtazama. Hakuwa amelifikiria hilo, kwamba mikono ile mizito, yenye makovu ya tanuri hadi kwenye viwiko, ilikuwa imefanya kazi ya wepesi miaka yote. Mwokaji alisuuza kwa maji yasiyo na chumvi aliyoyanunua duka la dawa, akakisimamisha kioo kijikaushe, kwa sababu hakifutwi. Kilipokauka akapaka rangi nyeusi pale palipomegeka, kwa brashi ya mkewe ya nyusi. Hapo walielewana vizuri.

Waligombana kwenye kulinganisha vioo. Kioo kikisharudishwa ndani lazima vile vioo viwili vitazamane sawasawa, la sivyo umeosha bure. Unachungulia kwenye tundu dogo, unaona alama ya duara iliyochorwa katikati ya kioo kikubwa, na unazungusha skrubu tatu za chini mpaka kitone cheusi, kivuli cha tundu hilo, kiingie ndani ya duara. Mmoja achungulie, mwingine azungushe. Mama Nyota alichungulia, mikono ameikunja kifuani. Mwokaji alipiga magoti nyuma ya bomba.

"Kaza ya kushoto. Kidogo."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto!"

"Mama, kushoto ziko mbili hapa, na mimi magoti yangu yanalia!"

"Umeipeleka mbali. Rudi. Siyo hiyo! Ungekuwa unasikiliza…"

Mwokaji akaitupa bisibisi kwenye majani. "Mimi nimesimama wiki nzima mbele ya moto! Nimekuja kupiga magoti mbele ya pipa, bado natukanwa!"

"Nani amekutukana? Mimi kazi hii nilikuwa naifanya peke yangu huku naimba. Peke yangu. Unadhani napenda kukuomba?"

Uani kwa jirani mtoto alikuwa anaogeshwa, analia. Mwokaji alikaa chini majanini, mgongo kwenye sanduku, akafumba macho. Alijisikia mzee mpaka kwenye kucha. Mkewe hakusema pole, wala yeye hakusema. Kisha mwokaji alipapasa majani akaipata bisibisi.

"Tuzipe skrubu majina," alisema. "Hii ya juu iite Unga. Hii Chumvi. Hii Hamira."

Mama Nyota alirudisha jicho kwenye tundu. "Hamira. Robo."

"Robo."

"Hamira tena. Chumvi, rudi nyuma. Taratibu… taratibu… iache hapo. Iache! Hapo hapo."

Jua lilipozama walilitoa bomba katikati ya uani, wakaliacha lipoe, kwa maana kioo chenye joto kinatetemesha picha hata kama mikono imetulia. Mwokaji alileta viti viwili. Mshtarii ikatokea juu ya paa la jirani, nyeupe, haikonyezi. Kulielekeza bomba kulimpa mwokaji kazi nyingine, kwani mle ndani kila kitu kimegeuzwa: ukitaka nyota iende kulia, unasukuma kinyume. Mkewe alikaa na jicho kwenye lenzi, mikono ameikalia.

"Sukuma. Inapita… imepita. Rudisha. Sasa zungusha lile gurudumu dogo la kusafisha picha. Tena. Umezidi. Hapo."

Halafu akazidi kuinama kwenye lenzi.

"Vipi?" mwokaji aliuliza. "Mama? Imeharibika?"

"Miezi yake mikubwa yote minne," alisema kwa sauti ndogo. "Mitatu huku, mmoja kule. Na mistari yake naiona. Njoo."

Mwokaji aliinama. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona kiduara cha rangi ya maziwa kimefungwa mishipi miwili, na punje nne zimejipanga mstari mmoja nacho. Kilikuwa kinaelea polepole kutoka kwenye duara la mwanga, kama kitu kinachotaka kwenda zake.

"Ni kadogo," alisema.

"Kadogo! Dunia yetu inaingia humo zaidi ya mara elfu."

"Basi nako kanachoka, kanataka kwenda kulala," mwokaji alisema, na mkewe akacheka, cheko la kweli, mpaka ikabidi afute macho.

Mwokaji alimsukumia bomba kila Mshtarii ilipotoroka, mara nyingi asizoweza kuhesabu. Katikati ya kusukuma alilala kwenye kiti, kinywa wazi. Mama Nyota alimwacha. Sayari ikatoka kwenye lenzi na hakuirudisha. Alikaa akiitazama kwa macho matupu hadi baridi ilipomwingia mwilini, ndipo akamwamsha mume waende ndani.

Ugonjwa haukurudi nyuma. Miezi iliyofuata mikono ilizidi kutetemeka, na jicho lake halikutulia tena kwenye lenzi kama zamani. Walikubaliana kutoka usiku wa kuamkia siku ya mapumziko ya mwokaji tu, na wiki nyingine mawingu yalitanda, au mmoja wao alichoka mno, wakalala. Mwokaji hakugeuka mpenzi wa nyota. Alijifunza kuwinda Mshtarii kwa kusukuma kinyume bila kuelekezwa, na siku moja kazini, akisubiri unga uumuke, alitoka nje mlangoni akaitafuta angani. Aliipata. Akaitazama kidogo, akapiga mwayo, akarudi ndani kwenye tanuri.