Mshiko wa Fundi

Askari hakuwa askari. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na jina hilo wenzake walimbandika kwa sababu kila mgonjwa kwake alikuwa mshukiwa. Hakuona haya. Aliwahi kuchezewa akili na mtu aliyeingia kwake akichechemea, kisha akamwona dirishani akikimbilia basi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Askari alishtuka kila siku ya kazi.

Asubuhi hiyo aliletewa fundi wa kuchomelea, bonge la mtu, aliyeangukiwa na geti la chuma mkono wa kulia. Kidonda kilikwisha kukauka. Bosi wake alitaka jibu moja tu: mkono umepona au haujapona? Ukiwa umepona, kesho fundi anapanda mnara wa tangi la maji, akining'inia kwa mkono huo huo.

Mama yake fundi alimsindikiza, akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Mpime vizuri, mwanangu," alimwambia Askari. "Huyu nimemzaa mimi. Enzi za shule, siku ya kufyeka nyasi tu, tumbo linamuuma."

"Mama, jamani!"

"Nimesema uongo?"

Askari alimpenda mama huyu papo hapo. Akachukua rula ya kupimia pembe za viungo, akaiweka kwenye kifundo cha mkono, kisha kwenye kidole kimoja kimoja. Alipovisukuma yeye mwenyewe, viungo vyote vilikunjika na kunyooka bila taabu. Hapo shaka ikapata pa kukaa. Kama viungo ni vizima, nguvu zimekwenda wapi?

Akampa kifaa cha kupimia nguvu za kiganja, chuma chenye mpini na mshale. "Bana kwa nguvu zako zote."

Fundi akabana. Mishipa ya shingo ikamsimama, jasho likamchuruzika. Mshale ukajongea kidogo, ukagoma.

Jasho hata waigizaji wanalo, Askari akawaza, na akatega mtego wake. Mpini ule uliweza kusogezwa, ukawa mwembamba, wa kadiri au mpana. Anayebana kwa moyo hufanya vizuri zaidi mpini ukiwa wa kadiri, na hupungukiwa ukiwa mwembamba au mpana. Mwenye kujifanya mgonjwa hajui hayo; hubana kidogo vile vile kila mara, na njia ya mwongo ni fupi. Askari akasogeza mpini, akapima, akasogeza tena. Mshale uligoma pale pale kila mara.

Nimekupata, alisema moyoni, na akajawa na ile furaha mbaya ya mtu aliyekwisha kuhukumu tangu mlangoni.

"Fundi, ndiyo mwisho wako huo?"

"Ndiyo mwisho wangu, daktari. Kitu naona nimekishika, halafu naona kiko chini. Hata kijiko."

"Kijiko!" mama akacheka. "Mwanamume mzima na ndevu zake!"

Askari akaandika kwamba mkono umepona, akagonga muhuri, akamkabidhi mama karatasi. Kisha akawasindikiza hadi kwenye ngazi. Haikuwa adabu. Alitaka kuona fundi atashika wapi akidhani haonwi.

Ngazi zilikuwa zimetoka kupigwa deki. Mama alitangulia, bado anamsema mwanawe, mara mguu ukateleza. Fundi akamdaka. Alimdaka kwa mkono wa kulia, vidole vyote vikamzunguka kifundo cha mkono, na Askari nusura apige kelele: Kumbe unashika!

Kisha akaviona vidole vikifunguka, kimoja baada ya kingine, huku fundi akiguna kwa kujikaza. Mama akaporomoka ngazi kwa makalio mpaka chini.

Hapo Askari akakumbuka. Somo la mpini lilikuwa na nusu ya pili, nayo alifundishwa chuoni siku moja na ile ya kwanza: mkono uliokwisha nguvu kabisa nao hugoma pale pale, mpini uwe mwembamba au mpana. Yeye alibeba nusu iliyomfaa, akaishi nayo.

Akakimbia chini. Karatasi ilikuwa imedondoka njiani. Akaiokota, akaichana. Mama hakuvunjika mahali. Alikaa sakafuni, khanga imemlegea, anamtazama mwanawe.

"Mbona umeniachia?"

"Sikukuachia, mama." Fundi alikuwa analia waziwazi. "Nilikushika. Nilikushika kwa nguvu zangu zote."

Mama akainua mkono wake, akaugeuza huku na huku akitafuta alama ya vidole. Ngozi ilikuwa safi.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikuhisi kitu."